Malaika wa Kaari Waenda Harusini

Kaari alianza Krismasi mwezi wa saba. Cheka tu, hata mumewe alicheka, mpaka alipoona vitu vyake vinapotea. Mume huyo, Kirigia, anauza miraa pale Kiwanjani, na miraa hushuka kutoka Meru imefungwa kwa majani ya ndizi isinyauke. Wateja wakishafungua, majani hutupwa. Hayo ndiyo Kaari alikuwa akiyaokota, akiyaanika, akiyakata na kuyashona kwa uzi mwekundu: nyota, kengele na malaika. Na malaika walitoka, jamani. Kila mmoja na gauni lake la marinda na mabawa mapana. Majani ya kuokota yalipomwishia, akaanza kuvua yale yaliyofunga mzigo wenyewe, mpaka Kirigia akawa anauza miraa kwa gazeti na wateja wanamuuliza kama biashara imekufa.

Shida ilikuwa Kinanu. Huyu mama hupamba kanisa lao kila mwaka kwa plastiki za kumetameta anazoleta kutoka Nairobi, na sijui nani alimpa hiyo kazi. Mwaka jana Kaari naye alijaribu. Alianza amechelewa, gundi haikukauka, na katikati ya wimbo nyota yake ikashuka taratibu ikatua kwenye upara wa mzee Mworia, mwenyekiti wa kanisa. Ikagandia hapo. Kinanu alicheka mpaka akashika nguzo. Kaari alitamani ardhi immeze. Lakini mzee Mworia ni mtu wa haki, hata akiwa na gundi kichwani. Alisema mwaka huu wote wawili walete mapambo Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, na kanisa lichague mbele ya watu.

Ndiyo maana kazi ilifanywa kwa siri. Na kwa sababu Kinanu huingia nyumba za watu bila kubisha, akifunua sufuria, Kaari alienda kuficha mapambo kwa jirani yake Nafiso. Nafiso ni Msomali mwenye duka la vitambaa, na ukimwambia siri, imeishia hapo. Alisema Krismasi si yake lakini jirani ni wake, yakae tu. Wakayapanga ndani ya magunia safi, kwenye chumba cha wageni.

Ambacho hawakufikiria ni kwamba chumba cha wageni hungojea wageni. Mwezi wa kumi Isnino, binti ya Nafiso, alikuwa anaolewa na Abdiwali. Kutoka Kinna akaja Gumato, mke wa kaka yake Nafiso, Mborana ambaye mikono yake haijui kupumzika. Na huko kwao mtu wa harusi hafiki akakaa. Anafika, anavua viatu, anatafuta kazi, na wala hamsumbui mama wa bibi harusi kwa maswali. Gumato alilala kwenye chumba kile, asubuhi akafungua magunia. Mapambo ndani ya nyumba ya harusi, sasa yatakuwa ya nini kama si ya harusi?

Siku ya harusi Kaari aliingia kwenye hema na kitenge chake kipya, akainua macho. Malaika wake wote walikuwa pale juu, wamezunguka hema. Gumato alikuwa amewaelewa kwa njia yake: aliona wanawake waliotandaza shuka zao wakimchezea bibi harusi.

Na nani yuko chini yao anapiga picha kwa simu? Kinanu. Alikuwa mteja wa Nafiso, naye alialikwa. Alimwambia Kaari kwamba amezunguka Nairobi yote na hajaona kazi kama hii, na kwamba huyo fundi atamtafuta hata kama yuko wapi.

Kaari alifungua mdomo. Lilikuwa neno dogo tu, ni mimi, na lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kisha akamwona Isnino, ameketi na hina yake mikononi, akigusa bawa la malaika mmoja na kutabasamu kama mtoto. Mlangoni mwa hema Nafiso alikuwa ndiyo kwanza ameona, ameziba mdomo kwa kiganja. Hasira ilimpanda Kaari, ikashuka, ikapanda tena. Gumato akaja anang'aa, akamuuliza ameonaje mapambo.

"Yamependeza, dada," Kaari akasema. "Mungu awabariki."

Yalimuuma kuyasema, wacha nikwambie ukweli. Na bado. Harusi ilipoisha, Gumato akawagawia wageni mapambo yote kama ukumbusho. Malaika wakapanda magari wakaenda Kinna. Yule mkubwa kuliko wote akaondoka na Kinanu.

Kesho yake Nafiso alikuja analia, akitaka kuyafuata. Kaari alikataa katakata. Nani ataanza kuwanyang'anya wageni wa harusi zawadi zao? Nafiso akajifuta macho, akaondoka. Kirigia, ambaye hukosi mzaha kwake, siku hiyo hakuwa nao. Alimletea mkewe majani mapya, akamwekea mlangoni. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na majani yakaoza kabla ya kukauka.

Jumapili ikafika. Kinanu alikuja na kofia nyekundu na maboksi ya plastiki. Kaari alikuja na nyota moja, iliyobaki kwa Nafiso, uvunguni mwa kitanda alicholalia Gumato. Mzee Mworia alipoiona, mkono wake ulijiendea wenyewe kichwani. Kaari alikaa akiangalia viatu vyake, akiona wazi kwamba ameshindwa hata kabla ya kuulizwa.

Ndipo kukasikika salaam aleikum mlangoni. Alikuwa Nafiso, na Gumato, na nyuma yao akina mama wa Kinna, kila mmoja na furushi mkononi. Nafiso alikuwa amewapelekea habari, na hakuna hata mmoja aliyetaka kubaki na kitu.

"Huyu dada alituvalisha harusi yetu, akanyamaza," Gumato akasema. "Sisi tumekuja kumvalisha Krismasi yake."

Mafurushi yalipofunguliwa, kanisa zima likanukia udi. Kaari alilia, tena kwa sauti, na hakuona haya.

Gumato, anayejua nani alibeba nini, akapanga na kuhesabu. Alikosekana malaika mmoja, yule mkubwa. Akatazama watu, benchi kwa benchi, kisha akaelekeza kidevu kwenye kofia nyekundu. Watu wakaanza kukohoa. Hakukuwa na mtu pale ambaye hajaburutwa sebuleni kwa Kinanu kumwona malaika huyo na kuambiwa Nairobi hakuna kama yeye.

"Mama," mzee Mworia akamwambia Kinanu kwa upole, "tunakungoja."

Kinanu alienda nyumbani akarudi. Alikuwa amembeba malaika kwa mikono miwili, na kofia ameivua. Alipanda juu ya kiti, akainama na kumuuliza Kaari kwa sauti ya chini amweke wapi.

"Pale juu kabisa, juu ya mzee," Kaari akasema. "Usiogope. Huyu nilimshona."