Ulanzi wa Wajumbe

Asubuhi moja ya Februari, mwaka wa hamsini na sita, mvua ikinyunyiza, Paskalina alipanda na kisu chake hadi kwenye mianzi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Akakata ncha za machipukizi, kidogo tu, akafunga mbeta, kile chombo cha pingili ya mwanzi, chini ya kila ncha ili ulanzi, pombe ya mianzi, udondokee humo. Mianzi ilikuwa ukingoni mwa makaburi ya Ihomelo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mafinga. Upande ule walizikwa wajumbe wa baraza. Waliomba wenyewe, wakiwa hai, walazwe pamoja, ili akidi isipungue.

Siku hiyo ulanzi ulitoka mwingi na mtamu. Jioni akapita fundi seremala Liberatus, akasema, "Kamwene, Mama," akaketi, akanywa kopo moja, kisha akapanda juu ya kinu na kuahidi daraja.

"Daraja la wapi?" aliuliza Paskalina, akipangusa kopo.

"Popote mtakapotaka," alisema Liberatus, kwa sauti ya marehemu Yotamu, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza miaka mingi. Hata kile kikohozi alichokuwa akikitanguliza kabla ya uongo kilikuwemo.

Hakuna aliyeshangaa. Mizizi ya mianzi ilikuwa imepita katikati ya wajumbe kule chini, na Yotamu hakuwa mtu wa kunyamazishwa na udongo. Kazi ikawa kujua mwanzi upi ni wa nani. Uliokuwa karibu na njia ulitoa mjumbe wa kuahidi chumvi ya bure. Uliojikunja kwenye ua ulitoa yule mzee ambaye maisha yake yote barazani hakusema lolote ila "Naunga mkono." Wateja wakaanza kuagiza kwa majina. Watu walipanda kutoka Mafinga na unga wa mbao kwenye nywele, wakahutubiana, wakapigiana makofi, wakachaguana na kupongezana. Katekista alifungua zahanati mara mbili kwa jioni moja. Nguruwe wa Paskalina alilamba masazo, naye akaunga mkono hoja, kwa Kiswahili safi kuliko cha Liberatus. Paskalina alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa amecheka hivyo tangu amzike mumewe.

Na alikuwa na la kumliza. Crispin, mumewe, alimwachia kinyungu, bustani ya bondeni isiyokauka, ambayo ilimpa mahindi mabichi wakati mashamba ya mlimani yamekuwa vumbi. Matanga hayajaisha vizuri, baraza likakichukua, likisema panajengwa zahanati. Halikuwekwa hata tofali. Kalinga, aliyekuwa mjumbe wakati huo na sasa ndiye mwenyekiti, akaingia na jembe. Tangu hapo, kila kiangazi, Paskalina na watoto wake walikula mara moja kwa siku.

Ulanzi ukikaa huchacha, ukawa mkangafu, ule mkali. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Yotamu mtamu aliahidi, na Yotamu mkali alisema kweli.

"Kinyungu cha Crispin tulikinyang'anya," alisema Liberatus juu ya kinu, kopo mkononi. "Zahanati tuliizua palepale, chai haijapoa. Kalinga alikitaka kinyungu, na sisi tulitaka nyama ya Kalinga."

"Naunga mkono," alisema katekista.

"Mama, umesikia hiyo?" watu walipiga kelele.

Paskalina alisikia. Furaha ilimpanda. Alimkumbatia Liberatus, yaani Yotamu, akamsamehe papo hapo, na siku hiyo hakuna aliyelipia pombe.

Siku ya baraza alijitwika debe la mkangafu na kwenda nalo. "Wazee wangu, nimewaletea mashahidi," alisema, akawamiminia. Wajumbe hawakuwa na ugomvi na pombe. Kalinga alipomaliza kopo lake alikohoa kile kikohozi cha Yotamu, kisha akameza mate kana kwamba amekighairi, akasimama, akajinyooshea kidole kifuani.

"Kalinga huyu ni mwizi," alisema. "Kinyungu ni cha mjane, toka kwenye mkuyu mpaka mferejini. Mnaniangalia nini? Mimi nilikuwepo."

Baraza zima liliunga mkono. Walipiga makofi, wengine wakalia, mmoja akacheza peke yake katikati ya ukumbi bila ngoma. Paskalina alipiga vigelegele vikasikika bondeni.

"Basi kesho nilime?" aliuliza.

Kalinga alijifuta mdomo. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imesharudi. "Mama, umetufurahisha sana. Lakini ule uamuzi wazee wetu waliutoa wakiwa hai, wakiwa wajumbe. Haya ya leo wameyasema wakiwa wamekufa, na mfu si mjumbe. Ukweli tunaupokea kwa shukrani. Uamuzi unabaki."

"Naunga mkono," alisema mtu kule nyuma, na haikuwezekana kujua kama alikuwa hai au marehemu.

Masika yote watu waliendelea kupanda kwa Paskalina kusikiliza kinyungu kikiungamwa. Kalinga naye alikuja, akanywa, akajishitaki kwa machozi, akalipa, akashukuru, akaenda kulala. Mvua zilipokatika mianzi ikaacha kutoa, na wajumbe wakanyamaza. Kalinga akashuka bondeni na jembe. Mahindi yalistawi sana mwaka ule.

Unga ulipokwisha ndani, Paskalina alichukua kikapu akateremka kununua mahindi mabichi. Kalinga alimkaribisha kwa heshima, akamchagulia yaliyojaa vizuri, akapokea fedha. Kisha akavunja hindi jingine, kubwa kuliko yote, akaliweka juu ya kikapu.

"Hili sikuuzii, Mama," alisema. "Hili ni la mwenye shamba."