Shati Kavu la Chachu

Walihama kwa sababu ya kifua cha mke. Huko walikotoka joto lilikuwa la majimaji: taulo halikauki, chumvi inayeyukia koponi, nguo zikisahaulika kabatini zinaota ukungu. Mke alikuwa fundi cherehani, na pumu ilikuwa imemfikisha mahali pa kulala ameketi, mto mgongoni, akiitafuta pumzi kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Watu walimwita Chachu, na si kwa kazi yake tu, bali kwa kuwa kila alipoingia watu waliumuka kwa kicheko. Yeye alimwita mkewe Fundi tangu enzi za uchumba. Daktari aliposema kinachomfaa mama huyu ni hewa kavu, Chachu hakuuliza mara mbili. Aliaga kazini, akapata nafasi katika kiwanda cha mikate kwenye mji wa jangwani, wakafunga mizigo.

Waliposhuka kwenye basi joto liliwapokea usoni hata macho yakawawasha. Chachu akacheka. "Afadhali. Nimeshafika kazini."

Kifua cha Fundi kilifunguka kabla hata hawajamaliza kununua vyombo. Akaanza kulala chali kama watu wengine. Alfajiri, kabla ya kwenda zamu, Chachu alikuwa akiinama na kutega sikio mgongoni kwake. "Kimya," alikuwa akisema, kisha anatoka akipiga mluzi.

Ukavu wenyewe ulikuwa na visa vyake. Midomo ilichanika, visigino vikapasuka, na mara mbili Fundi alitokwa damu puani akaharibu kitambaa cha mteja. Kiwandani, unga uliokandwa uliota ngozi ngumu kabla haujaumuka. Ukiufunika kwa kitambaa kibichi, ukigeuka tu kimekauka. Lakini jambo moja lilimfurahisha Chachu. Zamani alirudi nyumbani shati linakamulika, akasimama mlangoni na kumaliza jagi zima la maji. Huku alirudi mkavu.

"Siku hizi mumeo ni ofisa," alimwambia mkewe. "Nashinda kwenye tanuri na shati halijui."

"Kunywa maji basi."

"Maji ya nini, na jasho lenyewe sitoki?"

Tena kiwandani pipa la maji lilikuwa uani, juani, maji yake vuguvugu kama ya kuogea, na tanuri haliachwi peke yake. Fundi alipofua mashati aliona mistari myeupe mgongoni, imekauka kama chaki. Alidhani ni unga. Akaisugua, ikatoka.

Msimu wa joto kali ulipoingia, Chachu alianza kukazwa misuli ya miguu. Asubuhi moja alitoka chooni akatangaza, "Fundi, usinunue majani tena. Nakojoa chai ya rangi." Walicheka wote wawili, tena Fundi alicheka hadi akashika ukuta. Kicheko hicho kilikuja kumtesa kuliko vilio vyote alivyolia baadaye.

Alianguka mchana, mbele ya tanuri. Wenzake walisema ngozi yake ilikuwa ya moto na haina hata tone, naye alikuwa akimwita mama yake, aliyekwisha kufa zamani. Hospitali ya mji ule ilikuwa ndogo. Daktari alimwita Fundi pembeni.

"Figo zimeumia, mama. Si jambo la leo."

"Lakini alikuwa hatoki jasho, daktari."

"Anatoka, pengine kuliko kule mlikotoka. Ila hewa ya huku inalinywa kabla hajaliona."

Fundi aliyakumbuka mashati, na ile mistari ya chumvi aliyoidhania unga.

Mashine ya kusafishia damu haikuwepo mji ule. Ilikuwepo kule kule walikohama, karibu na nyumba ya dada yake Chachu. Fundi akaanza kukunja nguo za wote wawili, na Chachu, aliyekuwa amevimba uso mpaka macho yamekuwa madogo, akazitoa zake Fundi sandukuni, moja moja.

"Wewe unabaki."

"Nani atakuuguza?"

"Dada yupo. Ukienda kule tutalazwa wawili. Nilikuleta huku upumue."

"Na wewe je?"

"Mimi kupumua sina shida. Shida yangu ni kukojoa tu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi alibaki. Alishona, na kila jioni alipiga simu. Mwanzoni alisikia wagonjwa wodini wakicheka nyuma ya sauti ya Chachu. Baadaye sauti ikawa nzito, maneno machache. Wifi yake alipopiga mwenyewe, Fundi alikuwa akimpima mteja mkono. Aliumaliza mkono ule, akaandika kipimo, ndipo akakaa chini.

Alirudi kule walikotoka wakati wa mvua. Kabla hajafika nyumbani kwa wifi, kifua kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Mbele ya jeneza kikafunga kabisa. Walimbeba wakampeleka hospitali, na mumewe akazikwa yeye akiwa kitandani, barakoa ya hewa usoni.

Wifi alikuja jioni, viatu vimejaa udongo.

"Watu wanauliza ulikuwa wapi."

Fundi aliigusa barakoa.

"Nimewaambia unaumwa. Wengine wamesema, alipougua mumeo wewe ulikuwa mzima." Aliivuta kamba ya barakoa iliyokuwa ikimkata sikio, akailegeza. "Aliniagiza, nikikuona hapa nikurudishe. Ukipata nafuu, panda basi. Maneno ya watu niachie mimi. Lakini sitakuficha, wifi. Na mimi nimekasirika."

Basi liliondoka mvua ikinyesha. Njiani miti ilipungua, kisha ikaisha, na kifua chake kikaanza kulegea. Fundi alijaribu kuizuia ile pumzi. Iliingia tu, laini, mpaka chini, nayo ilimchoma kuliko pumu.

Mlangoni kwake alikuta mteja akimsubiri kivulini. Alimpa pole, kisha akauliza kama gauni litakuwa tayari Ijumaa.

"Litakuwa tayari," Fundi alisema, akafungua mlango.