Faili la Atupele Lapita Sebuleni kwa Injinia

Usiku wa jana niliota nimesimama ndani ya waya wa intaneti wa ofisi yetu, nimevaa soksi tu. Ndani kuna korido nyembamba, na korido imeziba.

Aliyeziba ni faili. Ni kubwa kuliko kabati la nguo, linatoka jasho, lakini lina adabu zake.

"Shikamoo, fundi wa mtandao," linasema. "Mimi ni gigabaiti arobaini. Picha za bonde. Natakiwa Dodoma saa mbili asubuhi."

Nalijua. Ni la Atupele, mpimaji wetu wa ardhi. Lisipofika kwa wakati, mkataba wake hauongezwi. Mwenyewe amekaa juu yake, amelikumbatia kwa mikono miwili.

"Kaka Lusajo, nikiliachia linaanza upya," ananiambia. "Jana nimeomba njia kwenye grupu, watu wote wakazima simu zao. Sasa nani anatumia?"

Najua nani, na roho inanisuta. Ofisini kwetu mwenye mzigo mkubwa huomba njia, wengine wanampisha. Ila mimi, kwa woga wangu, nilimtengenezea bosi foleni yake peke yake ya intaneti, isiyo na kikomo. Nikaiita Heshima.

Ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, amekaa mlangoni kwenye stuli, macho yake manne ya kijani yanapepesa.

"Heshima kwanza," anasema. "Sheria umeiandika wewe. Mimi nimeajiriwa tu."

"Basi ifute."

"Kamwombe bosi mwenyewe."

Nageuka, na korido imekuwa sebule ya bosi, Injinia Mwambungu. Yuko kwenye kochi lililoenea ukuta hadi ukuta. Anatuma video ya harusi ya binti yake kwa ukoo mzima, mmoja mmoja.

Saa ya ukutani inasema saa mbili kasoro kumi.

"Injinia, samahani," naanza.

"Mgeni hazungumzi kabla ya chai," kochi linanikatiza.

Chai inaletwa. Ni ya moto kupita kiasi. Naipuliza huku saa inakwenda dakika mbili mbili. Nyuma yangu faili linahema, na Atupele haniangalii tena. Hilo limeniuma kuliko chai.

"Injinia, naomba njia," nasema hatimaye.

"Subiri keki ikatwe," anajibu bila kugeuka.

"Inakatwa lini?"

"Bado MC anatambulisha wajomba."

Wajomba ni kumi na wanane. Wa kwanza ameomba kusema maneno machache.

Hapo nikachoka. Miaka sita nasema "sawa, Injinia", hata pasipo na sawa yoyote. Naweka kikombe chini, natia bega kwenye kochi, nasukuma. Kochi linalalamika kwamba sina malezi. Nasukuma tu, mpaka Injinia anabanwa ubavu wa kushoto ukutani, naye anaendelea kutazama wajomba. Pengo linatokea. Faili linavuta pumzi, linapita kiubavuubavu, linasema "ahsanteni kwa chai". Atupele anapita juu yake, ameinamisha kichwa asigonge dari.

Nikashtuka. Saa mbili na robo, jua limejaa chumbani. Simu ina ujumbe wa Atupele.

"Kaka Lusajo, limefika lote zikiwa zimebaki dakika tatu. Nimelia. Umefanyaje?"

Sikufanya chochote. Jana nilitoka ofisini nimenuna, nikala, nikalala. Kabla sijamjibu, grupu la ofisi likalia. Ni bosi.

"Wapendwa, leo nitachelewa. Nimeamka ubavu wa kushoto unauma, sijui nimelalaje."

Nikaandika, "Pole sana, Injinia." Nikaufuta. Nikaandika tena, safari hii nikautuma bila kuusoma mara mbili:

"Pole sana, Injinia. Jichue na mafuta ya moto. Ukifika tuongee, kuanzia leo na wewe utakuwa unaomba njia."