Mita Sitini kutoka kwa Bibi Sabina

Jumatatu hiyo Bibi Sabina aliamka kama kawaida, akashusha miguu kutafuta kandambili zake, na miguu ikaingia ziwani. Maji yalimfika chini kidogo ya magoti. Hayakuwa ya baridi. Kandambili zilikuwa zinaelea karibu na kabati, moja imeelekea mlangoni, nyingine imeelekea ukutani. Akazifuata, akazivaa, akaona hazina kazi, akazivua na kuziweka juu ya redio.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, yote ameimaliza kando ya ziwa, kwa hiyo hakuwa na haja ya kujiuliza ni maji gani. Yalikuwa na harufu ya ziwa. Alichotaka kujua ni yanaishia wapi. Alifungua mlango akitegemea yatamwagika uwanjani. Hayakumwagika. Yalitoka mpaka mwisho wa upenu, pale matone ya mvua yalipochimba vishimo, yakasimama wima. Kuanzia hapo uwanja ulikuwa vumbi tupu, na ziwa lenyewe lilikuwa kule chini lilikolala jana, hatua tisini kutoka mlangoni.

Akachukua mwiko wa ugali, akapima. Sebuleni maji yalifika shingo ya mwiko. Chumbani vilevile. Jiko la nje, lililoezekwa kwa nyasi, lilikuwa kavu na majivu ya jana bado yana uvuguvugu. Choo, chenye bati kuukuu lenye kutu, kilikuwa kikavu. Lakini banda la kuku lilikuwa na maji kimo kilekile, na kuku walikuwa wamesimama juu ya kijiti chao, kila mmoja akiyatazama kwa jicho moja.

"Haya," alisema Bibi Sabina. Akawatoa kuku, akaenda kuchemsha chai.

Jirani yake wa nyuma, Justa, akaja na ndoo kichwani. Justa alikuwa fundi cherehani, na nyumba yake aliijenga mwenyewe kwa miaka kumi na miwili, tofali kwa tofali, tangu aliporudi kutoka Misungwi bila mume. Ilikuwa hatua ishirini na moja nyuma ya nyumba ya Bibi Sabina. Kila asubuhi ndoo yake ya kwanza haikuwa yake, ilikuwa ya bibi, na hajawahi kulitaja jambo hilo.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka."

Justa akachungulia ndani. "Kumbe leo una maji mengi. Hii ndoo niirudishe?"

"Iache. Hayo ya ndani sijui kama yanafaa kunywa."

"Yana samaki."

"Wangapi?"

"Nimeona watatu. Mayu, hao ni ningu!"

Wakainama wote wawili. Ningu walikuwa hawajaonekana kwenye nyavu za pale kwa miaka mingi. Mara ya mwisho Bibi Sabina kumla mmoja alikuwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Hawa walipita chini ya meza bila haraka, wakazunguka mguu wa kiti, wakaelekea chumbani kama watu waliokaribishwa.

Saa nne akafika Maige, mwenyekiti wa mtaa, mkononi ana bahasha ya kaki.

"Mwenyekiti," Justa alisema, "ukija na bahasha hata chai tunaogopa kukupa."

"Nipeni tu. Chai haina kosa."

Alikunywa nusu kikombe ndipo akafungua. Barua ilisema kuna ramani mpya ya mwambao, iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti, kwa sababu kingo za ziwa zinaliwa na serikali inataka kujua zimefika wapi. Ramani hiyo imegongwa muhuri na inaanza kutumika leo Jumatatu. Sheria ya mita sitini ni ileile: asiwepo mtu aliyejenga karibu na maji kuliko hapo.

"Sasa kwa mujibu wa ramani," Maige alisema, akasimama kwenye upenu wa nyuma wa Bibi Sabina, "ziwa linaishia hapa. Kutoka hapa mpaka kwako, Justa, ni mita kumi na tisa. Una siku thelathini."

Justa alitazama nyumba yake, akatazama upenu. "Na mayu?"

"Barua haimtaji. Kwenye ramani nyumba yake haipo, hapo ni ziwa." Alilisema taratibu, kama mtu anayetoa pole. Kisha akachovya kidole chini ya upenu, akakinusa. "Na kweli ni ziwa."

Bibi Sabina hakusumbuliwa na maji. Unga alikuwa ameshaupandisha juu ya kabati, na godoro lilikuwa juu ya usawa wa maji. Kilichomkaa moyoni ni kwamba sasa kipimo kilikuwa kinaanzia kwake. Mtu anayembebea ndoo kila siku angevunjiwa nyumba kwa sababu yeye, Sabina, amekuwa ziwa.

"Aliyechora ni nani?" aliuliza.

"Wako mjini. Alhamisi atakuja binti kufanya uhakiki."

Alhamisi ikafika na binti akafika, kwa bodaboda, na kishikwambi kifuani na buti za mpira miguuni. Aliitwa Precious. Akaamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, "Marahaba mjukuu wangu." Alivua buti mlangoni bila kuambiwa, akakunja suruali, akaingia. Bibi Sabina aliona kwamba alitembea polepole makusudi, asije akatengeneza mawimbi yakalowesha pazia. Akamwekea kiti.

"Nieleze, mjukuu. Hicho kitu kinaonaje?"

Precious akaweka kishikwambi juu ya meza. Alieleza kwamba setilaiti inapita kila baada ya siku tano, mnamo saa tano asubuhi. Haioni nyumba wala watu wa pale kama mtu anavyowaona. Inaona mwanga unaorudi juu. Nyasi zinarudisha mwanga wa namna yake, udongo mkavu wa namna yake, na maji yanameza karibu wote. Kompyuta inatenga maji na nchi kavu, halafu inachora mstari katikati.

"Na bati lako, bibi, ni la bluu."

"La msauzi, haya ya rangi. Upepo ulichukua lile la zamani, wanajumuiya wenzangu wa kanisani wakanichangia. Dukani lilikuwa limebaki la bluu tu."

"Kompyuta imelisoma kuwa ni maji. Ikaona maji ya ziwa kule chini, ikaona maji mengine hapa, ikadhani uwanja wako ni fungu la mchanga katikati. Ikapitisha mstari nyuma yako."

"Na banda la kuku?"

"Lipi?"

"Kipande kilichobaki niliezekea kuku."

Precious akatoka, akaenda kuangalia, akarudi. "Kwenye ramani lipo doa dogo pembeni. Ofisini tuliandika kidimbwi."

"Ni kuku."

"Ndiyo, bibi. Nimewaona."

Justa, aliyekuwa amesimama kizingitini muda wote, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Basi yameisha! Andika kwamba imekosea, dada, nirudi kwenye cherehani yangu."

Precious hakucheka. Alichomoa rula ndefu, akaisimamisha sakafuni, akasoma: sentimita arobaini na mbili. Ningu mmoja akaja kuinusa rula.

"Fomu ya uhakiki ina visanduku viwili," alisema. "Maji, au nchi kavu. Nimesimama kwenye maji. Nikiandika nchi kavu nitakuwa nimedanganya."

"Lakini maji yenyewe yameletwa na ramani yako," Bibi Sabina alisema.

"Najua, bibi. Fomu haiulizi yametoka wapi."

Akaweka alama kwenye kisanduku cha maji. Bibi Sabina, ambaye alikuwa ameshaona watu wengi wakitia sahihi, alimsogezea chai ili apate kitu kingine cha kushika.

Binti alipokwisha kunywa, bibi aliomba kuonyeshwa mistari ya zamani, kwa sababu alikuwa anapenda kujua. Precious akagusa kioo, ikatokea mistari ya rangi, kila rangi na mwaka wake. Mbele ya mtaa wao mistari ilikuwa inapanda kuja nyumbani, mwaka hadi mwaka, hatua tatu, hatua tano, mwaka mmoja hatua kumi na mbili. Bibi Sabina aliutambua ule wa njano: ndipo palipokuwa na jiwe lake la kufulia. Lakini mbele ya hoteli ya jirani, upande wa kushoto, mistari ilikuwa inakwenda kinyume. Ilikuwa inaingia ziwani.

"Hapa maji yanarudi nyuma?"

"Hapana, bibi. Hapa wanamwaga mawe na udongo, juu wanapanda nyasi. Wimbi likigonga ukuta wao linageuka, linakuja kula huku kwenu."

"Setilaiti inaliona hilo?"

"Inaona nyasi."

"Na nyasi ni nchi kavu."

"Ndiyo, bibi."

Bibi Sabina akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa dawa inavyofanya kazi. Precious akavaa buti zake. Alipokuwa anapanda bodaboda alisema, bila kumtazama mtu, kwamba picha inayofuata itapigwa Jumanne.

Jumatatu jioni wanajumuiya walikuja kumi na wanne. Walikoroga udongo mwekundu na samadi ya ng'ombe, kama wanavyokandika ukuta, wakapandisha ngazi. Justa ndiye aliyekuwa juu, akipaka kwa mikono yote miwili.

"Justa, shikilia vizuri! Ukianguka ndani utazama!"

"Nikizama mtaniombea. Leteni udongo!"

Walipaka bati lote, na banda la kuku pia. Jumanne saa tano walisimama uwanjani wakatazama juu. Hawakuona kitu, anga lilikuwa jeupe tu. Hata hivyo Bibi Sabina alipunga mkono, maana huko juu kulikuwa na mwenye kazi yake. Saa sita maji yakaanza kupungua kimyakimya, bila kutafuta tundu. Saa tisa sakafu ilikuwa kavu na ningu hawapo. Kuku wakarudi bandani mwao. Justa alipiga deki nyumba nzima ya bibi, akaimba.

Walikaa kavu siku mbili. Maige alipiga picha kwa simu, sakafu, kuta, bati jekundu, akazituma ofisini. Jibu lilikuja Alhamisi. Ofisi ilishukuru kwa picha nzuri na ilithibitisha kwamba hata setilaiti sasa inaona nchi kavu. Ila ramani ilikuwa imeshagongwa muhuri wa mwaka mzima na fomu ya uhakiki inasema maji. Nyumba itatazamwa upya mwakani. Maige alilisoma jibu hilo kwa sauti mlangoni saa kumi jioni, na alipofika kwenye jina la aliyetia sahihi, maji yalikuwa yameshafika shingo ya mwiko. Ningu walirudi watano.

Siku thelathini zilipotimia walikuja vijana sita wenye nyundo kubwa. Hawakuwa wabaya. Mmoja alishusha mapazia ya Justa, akayakunja moja moja, akayapanga juu ya kiti kabla hajagusa ukuta. Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja. Justa alikaa juu ya ndoo akiangalia, na kila ukuta ulipolala alitaja mwaka alioujenga.

Bibi Sabina alimwendea Maige. "Na hoteli, mwenyekiti?"

"Imepimwa. Kutoka jengo mpaka maji ni mita sitini na nne."

"Mita hizo zote ni nyasi."

"Ni nyasi."

"Zimepandwa juu ya ziwa."

"Ndiyo, mama. Lakini ni nyasi." Akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu mwema, aliyewahi kumbeba mgonjwa mgongoni mpaka barabarani, na sasa alionekana amechoka. "Mimi nimepewa barua. Sikupewa ziwa."

Baada ya chakula cha mchana Justa alichukua kichwa cha cherehani yake, akakibeba kichwani, akavuka zile hatua ishirini na moja. Alisimama nje ya upenu.

"Mwenyekiti, barua inasemaje kuhusu mtu anayekaa ndani ya ziwa lenyewe?"

Maige akaitoa barua, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma. "Haisemi kitu."

"Basi ingia, mwanangu," Bibi Sabina alisema. "Shika sketi yako."

Maige aliwasaidia kubeba meza ya cherehani na godoro. Kisha akafungua daftari la wakazi, akafuta mahali alipokuwa ameandika zamani, akaandika upya: Justa, fundi cherehani, makazi ziwani. Chini yake akaandika hivyohivyo kwa Bibi Sabina, kwa kuwa hakutaka mmoja aonekane mgeni.

Jioni hiyo Justa alipanga cherehani yake dirishani. Pedali ilikuwa chini ya maji na ilikwenda polepole kidogo, lakini ilikwenda, na ningu walikuja kuizunguka. Bibi Sabina alikaa kitandani na kikombe chake, akawa anamtazama akipindia gauni la mtu. Upande wa hoteli lori likarudi nyuma, likainua bodi lake, na mawe yakashuka ziwani kwa kishindo. Muda si mrefu wimbi likaingia kwa ukuta wa mbele, likavuka sebule, likainua magodoro kiasi cha kidole kimoja na kuyashusha tena, likatokea kwa nyuma. Bibi Sabina alikuwa amenyanyua kikombe mpaka likapita.

"Lori la pili hilo," alisema.

"La tatu, mayu," Justa alisema, akaendelea kushona. "La kwanza limekuja ukiwa unaongea na mwenyekiti."