Swali la Mara ya Tatu

Kwa watu wa Ziwa Skogen, kule kaskazini mwa Minnesota, mtu akikukaribisha kahawa unakataa. Akikukaribisha tena unakataa tena, ila kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unapokea, tena kwa kujivutavuta. Ukipokea mara ya kwanza wewe ni mlafi, na mwenyeji akiishia kwenye ya pili atasemwa kuwa mchoyo hadi azikwe. Norval Haugen alilelewa hivyo, na miaka thelathini na minane ya kufundisha hesabu mjini haikumtoa tabia hiyo.

Ndiyo maana kosa lake alilijua vizuri. Miaka minane nyuma mama yao aliugua, naye akampigia simu kaka yake Wendell, aliyebaki na mama shambani.

“Nije, kaka?”

“Aa, usijisumbue. Barabara ni barafu tupu.”

“Una hakika?”

“Tuko sawa tu.”

Norval akashukuru, akakata simu, akarudi kusahihisha mitihani. Siku mbili baadaye mama akafa. Mazikoni Wendell alimpa mkono akamuuliza kama gari lake linakula mafuta sana. Tangu hapo ndugu hao wa tumbo moja wakawa watu wa kuzungumza hali ya hewa. Mimi ningependa wangegombana wakavunja hata sahani, lakini Haugen hawavunji sahani.

Januari hii Wendell akapiga simu mwenyewe: twende tukavue samaki na kulala juu ya ziwa lililoganda, kama enzi za baba. Wendell ana miaka sabini na mbili. Norval akafunga safari akiwa na jambo moja tu kifuani, kuomba radhi kabla hajakosa wa kumwomba.

Walifika mchana, wakatoboa barafu kwa keekee, wakakunjua hema juu ya matundu manne. Halafu Wendell akashika koleo. Theluji hulundikwa kulizunguka pindo la hema, mpaka magotini, ili upepo usipenye chini. Baba yao aliwafundisha kuacha mwanya wa viganja viwili upande usio na upepo, hewa ipite, maana hita ya gesi inayopasha hema joto nayo inapumua. Wendell aliuacha mwanya huo upande wa kusini, akaupima kwa viganja vyake.

“Bado unapima kama mshona suti,” Norval alimtania.

“Na wewe bado unasimama mikono mfukoni kama mkaguzi. Shika ndoo hiyo, mwalimu.”

Kulikuwa na king'ora cha kunusa gesi ya sumu, zawadi ya mke wa Norval. Betri yake ilichoka kwa baridi, kikawa kinalia kila dakika. Wendell alikivumilia robo saa.

“Kidude hiki kinafukuza samaki,” akasema, akakitoa betri na kukitupa ndani ya kiatu.

Norval aliona. Alitaka kusema neno, akaona hema si lake. Akanyamaza kistaarabu, na ustaarabu wa aina hiyo umeshaua watu wengi.

Walikula soseji za nyama ya paa. Wakafunga nyuzi za ndoana kwenye vigurudumu vyenye kengele, ili samaki akivuta usiku kengele iwaamshe, kisha wakajilaza kwenye vitanda vya kukunja. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Ndani mtu angeweza kulala na fulana.

“Kaka,” Norval akaanza.

“Mm?”

“Hita inafanya kazi nzuri.”

“Nzuri sana.”

Akajitukana kimoyomoyo. Akajaribu tena baada ya saa, na safari hiyo kichwa kilikuwa kinamgonga. Akadhani ni aibu. Tumbo nalo likaanza kumchafuka, akaona ndivyo inavyostahili, mtu mzima wa miaka sitini na saba kuogopa sentensi moja. Usingizi mzito ukawa unamvuta, mtamu, nusura auridhie.

Kengele ikalia. Ilikuwa ya Wendell.

Ikalia tena, samaki akivuta uzi kwa fujo, na Wendell hakuamka. Hapo Norval akafumbua macho. Huyu ni mtu aliyewahi kuruka kutoka kitandani akiwa na homa ya mapafu kwa sababu ya samaki wa kilo moja.

“Kaka, uko salama?”

“Niko sawa,” Wendell akajibu, polepole. “Nimechoka tu.”

“Una hakika?”

“Lala, bwana mdogo. Hamna neno.”

Uzi ukaisha kwenye kigurudumu, kengele ikanyamaza. Norval alibaki anatazama paa la hema. Amejibiwa mara mbili, amejibiwa vizuri, angeweza kugeukia upande wa pili akalala. Sauti ile ilikuwa ileile ya kwenye simu.

“Wendell. Nakuuliza mara ya tatu.”

Wendell akajaribu kujiinua, akarudi chini.

“Kichwa kinanipasuka,” Wendell akasema. “Tangu saa tano. Sioni vizuri.”

“Hata mimi! Toka! Toka nje!”

Miguu ya Norval haikumtii. Alitambaa, akazima hita, akang'ang'ana na zipu iliyoganda kwa mvuke wa pumzi zao mpaka ikaachia, akamkamata kaka yake kwapani na kumvuta na mfuko wake wa kulalia kama gunia la viazi. Wakaanguka kwenye theluji. Wendell akatapika. Hewa iliingia kifuani ikikata, na Norval aliinywa tu.

Alipoweza kukaa, alitazama upande wa kusini wa hema. Upepo ulikuwa umegeuka. Mwanya wa viganja viwili ulikuwa umejaa theluji, umesawazishwa kabisa.

Wendell naye aliona.

“Ile simu,” akasema. “Ulipokata, mimi nilikuwa bado nimeshika mkonga. Nangoja.”

“Najua. Nisamehe, kaka.”

“Aa, yalishapita.”

“Nisamehe.”

“Hamna neno, nimekwambia.”

Norval alikuwa anatetemeka, na machozi yalikuwa yanagandia kwenye kope. “Nisamehe, Wendell.”

Wendell akainamisha kichwa. “Nilikuwa peke yangu naye, Norval. Usiku kucha alikuwa anakuulizia, na mimi namwambia uko njiani. Nimekuchukia miaka minane. Kila mwaka nilitaka kukwambia, nikishika simu naishia kukuuliza kuhusu mvua.”

Norval alisogea akamfunika mabega kwa upande wa pili wa mfuko, wakakaa wamegusana, jambo ambalo hawakulifanya tangu utotoni.

“Nipige simu ambulensi ije?” akauliza, akijiandaa kwa hapana ya kwanza, na ya pili.

“Piga,” Wendell akasema.

Norval akavua glavu kwa meno, akapiga.