Mkanda wa Gari la Velika

Velika alikuwa mjane wa miaka sabini na miwili, na tangu amzike mumewe hakuna aliyewahi kumwambia aende wapi wala arudi lini. Kigari chake chekundu, Zastava la zamani lililopauka boneti kwa jua, ndicho kilichompeleka sokoni mjini Strumica na pilipili hoho zake. Ndicho kilichompeleka yeye na jirani yake Trajanka kwenye mabwawa ya maji ya moto kukanda magoti, na kumpeleka makaburini kila alipojisikia kumsimulia marehemu Done habari za kijiji.

Agosti hiyo mwanawe wa pekee, Lupcho, alikuja likizo kutoka Uswisi akiwa na jambo moja kichwani: Mama aache kuendesha. Mwanzoni alilisema kwa upole, wakila maharage. Baadaye akalisema kwa ukali, kwa sababu Velika alikuwa ameparuza uzio wa padri akirudisha gari nyuma.

"Padri mwenyewe amenisamehe," Velika akamjibu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye nitakayepigiwa simu siku utakapoingia mtaroni, Mama."

"Basi siku hiyo pokea simu."

Ijumaa asubuhi Velika alifunga kitambaa kichwani, akatia taulo kwenye kikapu, akaingia garini ili ampitie Trajanka. Gari likawaka, lakini taa nyekundu ya betri haikuzimika. Akasubiri kidogo. Taa ikaendelea kumkodolea jicho. Akazima injini kabla haijachemka, akashuka, akafungua boneti.

Mkanda haukuwepo. Pale ulipopaswa kuzunguka puli, yale magurudumu madogo ya injini, ya pampu ya maji na ya alterneta inayochaji betri, palikuwa patupu, kama kinywa kilichong'olewa meno. Velika akainama zaidi. Mkanda ukikatika huacha nyuzi na vipande vya mpira; hapa hapakuwa hata na uzi. Tena nati ya alterneta ilikuwa imelegezwa, kutu imekwanguka, chuma kinang'aa.

Hayo aliyajua vizuri. Miaka ya mwisho, baridi yabisi ilipomkunja Done vidole, Velika ndiye aliyeshika spana, naye Done akiketi juu ya gunia, akimwelekeza na kumkaripia.

Alimkuta Lupcho kibarazani akinywa kahawa.

"Gari halina mkanda," akasema.

Lupcho hakuinua macho. "Gari limezeeka, Mama. Mikanda hukatika."

Velika alimtazama utosini, pale nywele zilipoanza kunyonyoka kama za baba yake. Angeweza kupiga ukelele mpaka kijiji kizima kikusanyike. Badala yake aliingia ndani, akakata kipande cha kamba ya kuanikia nguo, akarudi kwenye injini, akaizungusha kamba ile kwenye puli zote tatu na kufunga fundo ilipokutana, apate kipimo cha mkanda. Kisha akaitia kamba mfukoni, akapanda baiskeli akaenda mjini, magoti yakimlalamikia njia nzima.

Aliporudi alikuwa na mkanda mpya shingoni, ameuvaa kama mkufu. Hakuingiza gari kwenye kivuli cha mzabibu. Alilisukuma mpaka katikati ya uwanja, lango likiwa wazi, jua la adhuhuri likiwaka, mahali ambapo kila mpita njia angemwona.

Trajanka alitokeza kichwa juu ya ua. "We mwanamke, leo tunaoga maji ya moto au mafuta ya injini?"

"Subiri hapo hapo. Usivue hata kiatu."

Lupcho alitoka mbio. "Mama, unafanya nini? Watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Hawalipi kiingilio."

Akailegeza nati zaidi mpaka alterneta ikacheza, akaisukuma kuelekea kwenye injini, akauvisha mkanda puli moja baada ya nyingine. Kisha akatia mpini wa jembe kati ya alterneta na injini, akauvuta kwa uzito wake wote ili mkanda ukaze, huku mkono wa pili ukitafuta nati. Spana ikateleza. Vidole vikajigonga kwenye chuma, damu ikatoka.

"Nipe mimi," Lupcho akasema, akinyoosha mkono.

"Toa mkono wako. Wewe kazi yako kwenye gari hili ulishaifanya."

Lupcho akasimama kama aliyemwagiwa maji.

Velika akawasha injini. Mkanda ukapiga mluzi mkali, kuku wakatawanyika, na wanaume wawili waliokuwa wakipita na trekta wakacheka wazi wazi. Velika alizima, akalegeza upya, akauegemea mpini kwa bega, akakaza nati huku amekunja uso. Akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukabonyea kidogo, ukarudi. Akawasha tena. Injini ikanguruma bila kelele nyingine, na taa nyekundu ikazimika.

"Niliutupa mferejini," Lupcho akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa, Mama. Nikiwa kule Uswisi silali. Kila simu ikilia najua ni wewe."

Velika alijifuta damu kwenye aproni. Ile hofu aliiona usoni mwa mwanawe na ilimuuma, lakini hakumwachia.

"Ogopa tu, mwanangu, sikukatazi. Ila hofu yako usiniwekee mimi kwenye injini. Siku nitakayoona siwezi, nitaacha mwenyewe. Ingia garini. Wewe kaa nyuma, mbele ni pa Trajanka."

Akaingia. Mtu mzima mwenye wafanyakazi chini yake alikaa nyuma, magoti yakigusa kidevu, kikapu cha mataulo mapajani. Trajanka alijitupa kiti cha mbele akicheka mpaka machozi.

Walipofika barabara kuu Lupcho akauliza, "Asubuhi ulikuwa umejua. Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza, ungeniomba radhi, nami ningekuwa bado sina gari."

Mbele yao lile trekta lilikuwa likijikokota, wale wanaume wawili wakiwa wamejiegemeza juu yake. Velika akatazama kioo, akatazama barabara, akaweka gia ya tatu. Alipokuwa sambamba nao akapiga honi ndefu, akapita.

Jumapili ya kuondoka, Lupcho aliomba mwenyewe apelekwe stendi ya basi. Njiani alimkumbusha mama yake taa za barabarani mara mbili, na mara mbili aliambiwa anyamaze. Stendi alishusha sanduku, akaja upande wa dereva, akainama dirishani akambusu mashavu yote mawili.

Velika hakuwa amezima injini.