Ahorita ya Kwetu

Edgardo Bracetti aliamini kwamba Mungu alipoumba ulimwengu alisahau kitu kimoja tu: mratibu. Pengo hilo yeye alikuwa tayari kuliziba. Kwa hiyo ukoo wa Bracetti wa Yauco ulipokubaliana kusafiri wiki moja kwa meli ya starehe kutoka San Juan, watu thelathini na wanane, kuanzia vitukuu mpaka vikongwe, Edgardo alikesha miezi mitatu akitunga alichokiita Mpango wa Mawasiliano. Ulikuwa na kurasa kumi na tisa. Shangazi yake Migdalia alisoma mbili za mwanzo, zilizobaki akafungia kahawa aliyokwenda nayo safarini, maana kahawa ya meli aliijua. Ni maji ya kusuuzia sufuria.

Migdalia alikuwa na miaka sitini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliila akiwa opereta wa simu kule Mayagüez, enzi ambazo maneno ya watu yalipita mikononi mwa mtu kwanza. Sikio lake lilizoea kuokota jina la mtu katikati ya mvumo wa waya mbovu. Kazi ile ilimfundisha jambo moja, kwamba watu hawanyamaziani kwa kukosa vyombo. Yeye mwenyewe alikuwa shahidi. Hakuwa amesema hata neno moja na kaka yake Gumersindo, babake Edgardo, kwa miaka kumi na moja, na wote wawili walikuwa na simu nzuri tu.

Basi tuutazame huo Mpango ukifanya kazi. Kulikuwa na fulana za kijani cha ndimu ili ukoo utambulikane kwa mbali. Meli haijatoka bandarini, likapanda kanisa zima kutoka Ponce, waumini sitini, na fulana za kijani hicho hicho. Mchana ule Edgardo alihesabu Wabracetti hamsini na wawili, akamkaripia shemasi wa watu kwa kutoripoti. Kulikuwa na redio za mkononi, kila mtu yake shingoni kama kengele ya mbuzi. Meli ni chuma tupu. Ukishuka ghorofa mbili, redio inabaki kukoroma. Ikipata sauti, inapata ya watu wa harusi ya ghorofa ya juu, kwa hiyo siku mbili nzima ukoo ulifuatilia habari za kiatu cha bibi harusi kilichopotea. Kulikuwa na kundi la wasapu, ila mtandao wa baharini ulikuwa ghali, wakaununua watu watano. Wengine ujumbe uliwafikia meli ilipotia nanga, wote kwa mkupuo, na "Njooni kifungua kinywa" ikawakuta wanacheulia chakula cha jioni.

"Shangazi, hujaripoti saa tano," Edgardo alimwambia siku ya pili.

"Nimeripoti chooni," Migdalia akamjibu. "Huko nako hamna mawimbi?"

Katika utaratibu wote ule, kitu kimoja tu kilifanya kazi, nacho ni Yadira, mkewe Edgardo. Alikuwa mwanamke mpole wa Maracaibo, ng'ambo ya bahari, aliyeolewa Yauco mwaka uliotangulia. Alishika orodha na kalamu, akamwona mtu kwa macho yake, ndipo akaweka tiki. Migdalia alimheshimu kimoyomoyo. Alisikitika tu kumwona amefungwa nira moja na mpayukaji.

Siku ya nne walishuka kisiwani Sint Maarten, mjini Philipsburg. Mlango wa meli ungefungwa saa kumi na nusu, na saa kumi na moja meli ing'oe nanga. Saa kumi kasoro dakika kumi Edgardo alisimama juu ya kiti kando ya bwawa, akatangaza kwa redio na kwa mdomo, kwa kuwa redio ilikuwa inakoroma, "Thelathini na wanane kwa thelathini na wanane! Wote tumo!" Akajipigia makofi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Papo hapo kipaza sauti cha meli kikaita mtu. Aliyekuwa akisema alikuwa Mnorwe au mtu wa huko huko kwenye baridi, na jina lile alilitafuna kama mfupa. "Bwana Gamasaindo Breiseti, tafadhali wasiliana na mapokezi." Ukoo mzima ulikuwa pale, umelala kwenye viti, unakunywa vitu vyenye miamvuli, na hakuna aliyeinua hata kichwa. Migdalia peke yake ndiye aliyeweka kikombe chini.

"Edgardo, babako yuko wapi?"

"Yumo, shangazi. Ana tiki."

"Sikukuuliza tiki. Nimekuuliza babako. Wanamwita huko juu, na hawamwiti aliyekwisha kupita mlangoni."

"Wanamwita Mmarekani mmoja, sijui Gama nani."

"Ndiyo wewe mtoto wa Gama nani! Jina la babako likivaa kofia tu hulitambui?"

Yadira akasogea na orodha yake. Uso ulikuwa umeanza kumbadilika. "Shangazi, tiki niliweka mimi. Baba mkwe nilimwacha mjini, mlangoni kwa kinyozi, lile duka lenye bendera ya Dominikana. Nikamwambia, baba, twende melini. Akaniambia, ahorita."

Watu waliokuwa wamelala wakaketi.

"Alisema ahorita," Migdalia akarudia.

"Ndiyo, sasa hivi. Nikajua yuko nyuma yangu."

"Mwanangu," Migdalia akasema, na sauti yake, tangu waondoke San Juan, ilikuwa haijawahi kukosa siki namna ile, "wewe huna kosa. Kwenu mtu akisema ahorita, ameshanyanyua mguu. Kwetu bado hajaanza kutafuta viatu."

Na neno hilo yeye alilijua kuliko wote. Miaka kumi na moja nyuma, mama yao alipokuwa anakata roho, Migdalia alimpigia simu Gumersindo. Akamwambia, mama anaondoka, njoo. Kaka akajibu neno moja: ahorita. Alikuwa anakaa mwendo wa dakika ishirini. Alifika baada ya muda wa saa tatu, mama ameshafunikwa shuka, na kabla ya kufunikwa alikuwa amemwita Sindo, Sindo, mpaka sauti ikamwishia. Migdalia alimpokea kaka yake mlangoni kwa maneno matatu, "Ahorita yako imefika," na hayo ndiyo yakawa ya mwisho.

Edgardo alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Alikulia kwenye neno lile, alijua uzito wake. Akaibana redio. "Baba! Baba, unanisikia? Jibu!" Sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka kiti cha pili, chini ya taulo, mahali babake alipoiacha redio yake tangu asubuhi.

"Basi nenda ukamchukue," Migdalia akasema.

"Mimi nikiondoka, shangazi, hapa nani ataratibu?"

Migdalia alimtazama jinsi mtu anavyotazama maziwa yaliyokatika, akachukua mkoba wake. Edgardo alipata akili ya kumvalisha redio shingoni tu. "Chaneli namba nne, shangazi! Usibadilishe!"

Kwenye ngazi za meli alijisemea, mwache aonje. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na leo liumie la kwake. Miguu haikumsikiliza, iliendelea kushuka. Akaipa sababu: anakwenda kumwambia mzee yule, usoni, yale yote aliyoyaweka kifuani miaka kumi na moja, na akishamaliza anaweza kumwacha huko huko. Alipanda teksi akiyapanga maneno, na mpaka anashuka alikuwa nayo ya kutosha kumzika mtu.

Kwa kinyozi saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika kumi na mbili. Gumersindo, miaka sabini na sita, alikuwa amelazwa kwenye kiti, macho amefumba, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu. Alikuwa amekonda. Migdalia hakuwa amemtazama vizuri siku zote nne, kazi yake ilikuwa kumkwepa, na sasa alikasirika kuona shingo ya kaka yake imekuwa kama ya baba yao.

"Gumersindo."

Akafumbua macho. "Migda."

"Mlango unafungwa saa kumi na nusu."

"Nilimwambia yule binti ahorita."

"Najua. Ulimwambia na mama."

Kinyozi, Mdominikana mnene mwenye mkono mwepesi, alisimamisha wembe hewani, akakitazama kioo kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Povu lilikuwa linamteremka Gumersindo shingoni.

"Siku ile nilikuwa kwa kinyozi," akasema.

"Nini?"

"Siku ya mama. Nilitoka shambani na ndevu za siku nne. Nikasema nipite kwa Toño, dakika kumi tu. Nikakuta watu wawili mbele yangu."

Migdalia akacheka, kicheko kibaya. "Kwa kinyozi! Mama yuko kitandani, wewe unajipamba! Alikuwa kipofu mwaka wa nne ule, Sindo! Nani angeziona ndevu zako?"

"Alikuwa anagusa."

Maneno yote aliyokuja nayo kwenye teksi yakamtoka kichwani. Alikuwa anagusa, kweli. Alipopofuka, mama yao hakumpokea mtu kwa jina, alimpokea kwa kiganja. Alikipitisha shavuni taratibu, na Sindo akimkwaruza alimsukuma mlangoni: "Huyu ni nani? Mwanangu hana miiba. Rudi ukanyoe." Migdalia alikuwa akisimama pale pale, anacheka. Miaka thelathini na mmoja aliwasikilizia watu simu zao, na kaka yake mwenyewe hakumuuliza hata swali moja: ulikuwa wapi? Kuuliza si ujinga, naye alikaa mjinga miaka kumi na moja, tena kwa maringo. Edgardo alimdharau kwa redio zake; sasa akajidharau zaidi.

"Na leo?" akauliza, kwa ukali, maana ndiyo sauti pekee iliyobaki. "Leo nani anakugusa?"

"Leo ni chakula cha ukoo. Mimi na wewe tumewekwa meza moja, watu wawili tu. Edgardo ndiye aliyepanga. Imo kwenye karatasi zake, ukurasa wa kumi na saba." Akagusa shavu lililonyolewa. "Sikutaka nikae mbele yako na ndevu, Migda. Ungesema sina mtu wa kunitunza."

Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa chumbani, umefungia kahawa.

"Mama," kinyozi akamgeukia Migdalia kwa adabu, "nimalizie au nimfute tu aende?"

Saa kumi na dakika ishirini na moja. Teksi ilikuwa nje, injini inanguruma. Wakiondoka wakati ule, wangefika. Migdalia aliitazama saa, akalitazama lile shavu la povu, kisha akavuta kiti cha mbao, akakaa.

"Malizia," akasema. "Na usikimbize mkono. Mtu hatolewi nje na uso nusu."

Kinyozi wa Kidominikana hahitaji kuambiwa mara mbili asiharakishe. Alinyoa, akafuta, akapaka manukato, akarudia kidevu. Migdalia akainuka, akanyoosha kiganja, akakipitisha kwenye shavu la kaka yake taratibu, kuanzia sikioni mpaka chini. Gumersindo alifumba macho, akatulia tuli.

"Hapa chini ya sikio umeacha," Migdalia akamwambia kinyozi. "Huyu mtu ana mama mkali."

Redio ikalia shingoni mwake. Baada ya siku nne za kukoroma, sasa ilisikika vizuri kabisa, nje ya vyuma vyote. "Shangazi! Wanafunga mlango! Uko wapi, shangazi? Unakuja?"

Migdalia akaibonyeza. "Ahorita."

Edgardo akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeweka orodha chini, "Ya nani, shangazi? Ya kwetu au ya Yadira?"

"Ya kwetu," akasema, akaizima.